Kutambua na Kubadilisha Vipuri Vilivyokufa katika Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Kompyuta ya mezani imeundwa kwa vipuri vinavyochomekwa na kuchomolewa. Kipuri kimoja kikifa, huna haja ya kutupa kompyuta nzima: unatoa kilichokufa na kuweka kizima mahali pake. Nafuu hiyo hugeuka hasara pale mtu anapobadilisha vipuri kwa kubahatisha. Ananunua RAM, kompyuta haiwaki. Ananunua pawasaplai, haiwaki. Mwishowe inagundulika kwamba kebo ya umeme ilikuwa imekatika kwa ndani. Fedha ya nyumbani imekwisha, na tatizo lilikuwa la kebo.

Mada hii ina somo moja kubwa: usibadilishe kipuri kabla hujathibitisha kwamba ndicho kilichokufa. Wanafunzi wengi wanayajua majina ya vipuri na kazi zake, lakini wakiulizwa "umejuaje kwamba ni hicho?" wanakwama. Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji, na ndilo linalotenganisha jibu kamili na nusu jibu katika mtihani.

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

(a) kutofautisha dalili, chanzo na uthibitisho wa tatizo;
(b) kueleza tahadhari za usalama kabla ya kufungua kompyuta;
(c) kufuata mpangilio sahihi wa uchunguzi kuanzia kwenye soketi hadi kwenye mfumo endeshi;
(d) kueleza namna ya kubadilisha pawasaplai, RAM, betri ya ubao mama, diski na feni.

1. Dalili, chanzo na uthibitisho

*Dalili* ni kile unachokiona, unachokisikia au unachokinusa: kioo cheusi, mlio, harufu ya kuungua. *Chanzo* ni kitu chenyewe kilichosababisha dalili hiyo. *Uthibitisho* ni jaribio linaloonyesha kwamba chanzo ulichokidhania ndicho chenyewe.

Fikiria mgonjwa mwenye homa. Homa ni dalili. Inaweza kuletwa na malaria, taifodi au maradhi mengine. Daktari makini hupima damu kabla ya kuandika dawa. Vivyo hivyo, "kompyuta haiwaki" ni dalili tu. Nyuma yake kunaweza kuwa na soketi, fyuzi, kebo, pawasaplai, kitufe cha kuwashia au ubao mama.

Mchunguzi anaongozwa na kanuni tano:

(i) Anza na swali. Nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza? Umeme ulikatika? Kompyuta ilihamishwa? Kuna kipuri kipya kilichowekwa?

(ii) Anza nje, kisha ndani. Soketi na kebo hukaguliwa kabla ya kufungua kasha.

(iii) Anza na kisicho na gharama. Kuchomoa na kuchomeka upya hakugharimu hata shilingi.

(iv) Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na kompyuta ikapona, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

(v) Tumia kipuri kinachojulikana kuwa kizima. Kopa kipuri kutoka kompyuta inayofanya kazi, ukiweke mahali pa kinachoshukiwa. Kompyuta ikipona, umepata uthibitisho.

*Angalizo:* kanuni ya tano ina upande mmoja wa hatari. Usichukue pawasaplai unayoishuku na kuifunga kwenye kompyuta nzima ili kuijaribu. Ikiwa inatoa volti zisizo sahihi, utakuwa na kompyuta mbili mbovu. Leta pawasaplai nzima kwenye kompyuta mgonjwa, usifanye kinyume chake.

2. Usalama kabla ya kufungua kasha

*Chomoa plagi, usiishie kuzima swichi.* Swichi ya ukutani iliyofungwa vibaya inaweza kukata waya usio na umeme na kuacha ule wenye umeme. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani ya saketi uishe.

*Jihadhari na umeme tuli.* Mwili hujikusanyia chaji unapotembea kwenye zulia au unapovaa nguo za nailoni. Mtu huanza kuhisi cheche inapofika takriban volti 3,000, lakini chipu inaweza kudhurika kwa volti zilizo chini sana ya hizo. Yaani unaweza kuiua RAM bila kuhisi chochote. Gusa chuma kisicho na rangi cha kasha kabla ya kushika kipuri, na ushike kadi kwenye kingo zake.

*Usifungue pawasaplai.* Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini kilele chake ni 230 × √2, yaani takriban volti 325, na kapasita huchajiwa kufikia karibu na kilele hicho. Pawasaplai ikifa, hubadilishwa nzima. Monita za kizamani zenye bomba la kioo nazo zisifunguliwe, kwa maana ndani yake kuna maelfu ya volti.

*Weka nakala rudufu.* Kama kompyuta bado inawaka, nakili kazi muhimu kabla ya kugusa chochote. Kipuri kinapatikana dukani. Picha za familia na hesabu za duka hazipatikani.

3. Kompyuta huamka kwa vituo vinne

Ukibonyeza kitufe, kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Hupita kwenye vituo, kimoja baada ya kingine:

Kituo cha 1: umeme unafika na pawasaplai inaugawa.
Kituo cha 2: ubao mama unajipima na kukagua prosesa, RAM na kadi ya picha.
Kituo cha 3: mfumo endeshi unapakiwa kutoka kwenye diski.
Kituo cha 4: kompyuta inafanya kazi kwa muda mrefu bila kukwama.

Swali lako la kwanza liwe: *imefika kituo gani?* Kompyuta iliyoonyesha maandishi kwenye kioo imeshapita kituo cha 1 na cha 2, kwa hiyo si busara kuanza kwa kununua pawasaplai. Isiyowasha hata taa haijafika kituo cha 3, kwa hiyo kuweka mfumo endeshi upya hakutaisaidia.

3.1 Kituo cha kwanza: umeme

*Dalili:* hakuna taa, hakuna feni inayozunguka, hakuna sauti.

*Uchunguzi kwa mpangilio:*

1. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo. Simu ikipokea chaji, soketi ni nzima.
2. Ondoa ekstensheni na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani.
3. Badilisha kebo. Monita nyingi hutumia kebo ya umeme inayofanana na ya kompyuta, kwa hiyo una kebo ya majaribio mezani bila kununua kitu.
4. Kagua fyuzi ndani ya plagi ya pini tatu.
5. Tazama swichi iliyo nyuma ya pawasaplai. Alama ya mstari (I) ni wazi kwa umeme, alama ya duara (O) ni kuzima.
6. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye tarakimu 115 na 230. Kwetu lazima isome 230. Kompyuta iliyotumika katika nchi zenye umeme wa takriban volti 115 inaweza kufika ikiwa imewekwa 115. Ukiichomeka kwenye volti 230 bila kukagua, pawasaplai itaungua papo hapo.

*Mfano wa hesabu.* Kompyuta na monita zinavuta jumla ya wati 300 kutoka kwenye soketi ya volti 230. Tafuta mkondo.

I = P ÷ V = 300 ÷ 230 = 1.3 A

Fyuzi ya 3 A au 5 A inatosha. Anayefunga waya mtupu badala ya fyuzi ameondoa ulinzi wote: hitilafu ikitokea, kebo itaungua kabla ya kitu chochote kukata umeme.

*Kupima pawasaplai.* Kompyuta ikiwaka lakini ikajizima ovyo au ikajiwasha upya inapopewa kazi nzito, pima volti kwa multimita chini ya uangalizi wa mwalimu au fundi. Katika pawasaplai za kawaida, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, wa rangi ya machungwa ni volti 3.3, na mweusi ni volti 0. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini. Kwa waya wa njano:

5% ya 12 = 0.6, kwa hiyo kipimo kiwe kati ya volti 11.4 na 12.6.

Ukisoma volti 10.9, pawasaplai hiyo imechoka hata kama feni yake inazunguka. Feni kuzunguka si uthibitisho wa uzima.

*Kubadilisha pawasaplai:*

1. Chomoa plagi, fungua kasha, piga picha ya kebo zote kwa simu.
2. Chomoa plagi pana ya pini 24 kwenye ubao mama, plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, na kebo za diski.
3. Fungua skrubu nne za nyuma huku ukiishikilia isianguke.
4. Weka mpya yenye umbo lilelile na wati zisizopungua za ile ya kwanza, kisha rudisha kebo kwa kufuata picha.

*Angalizo:* baadhi ya kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika zina pawasaplai za umbo na plagi za kipekee. Nenda dukani na ile mbovu mkononi.

3.2 Kituo cha pili: kujipima

*Dalili:* taa inawaka, feni zinazunguka, lakini kioo ni cheusi. Wakati mwingine kuna milio.

Usikimbilie ndani. Thibitisha kwanza kwamba monita ni nzima: taa yake inawaka, kebo ya picha imebana, na imechaguliwa njia sahihi ya kupokea picha. Kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu mawili ya picha. Kebo ichomekwe kwenye kadi, kwa kuwa tundu la ubao mama linaweza kuwa limezimwa.

Kisha sikiliza milio. Milio ni lugha ya ubao mama, lakini kila mtengenezaji ana lugha yake. Mlio mrefu mmoja na mifupi miwili hauna maana moja kwa kompyuta zote. Usikariri, katika jibu lako andika kwamba utahesabu milio na kulinganisha na kitabu cha maelekezo cha ubao mama huo.

RAM ndiyo ya kukaguliwa mapema, kwa sababu mara nyingi haijafa ila imelegea au meno yake yameshika uchafu. Zima, chomoa plagi, fungua klipu za pembeni na uitoe. Safisha meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini cheupe, ukifanyia mbali na kasha, kisha pangusa mabaki yote. Irudishe kwa kubonyeza ncha zote mbili hadi klipu zijifunge zenyewe.

Ikishindikana, inakuja kazi ya kutenganisha RAM mbovu na nafasi mbovu. Tuseme una RAM mbili, A na B, na nafasi mbili, 1 na 2. Weka RAM moja tu kwa kila jaribio:

| Jaribio | Hali ya kwanza | Hali ya pili |
|---|---|---|
| A katika nafasi 1 | inawaka | inawaka |
| B katika nafasi 1 | haiwaki | inawaka |
| A katika nafasi 2 | inawaka | haiwaki |
| B katika nafasi 2 | haiwaki | haiwaki |

Katika hali ya kwanza, B inashindwa kila mahali na A inafaulu kila mahali: RAM B imekufa. Katika hali ya pili, RAM zote zinafaulu kwenye nafasi 1 na zote zinashindwa kwenye nafasi 2: nafasi 2 ya ubao mama ndiyo mbovu. Aliyefanya jaribio moja tu, la B katika nafasi 2, angeona kitu kilekile katika hali zote mbili, na huenda angenunua RAM asiyoihitaji.

Unaponunua RAM, tazama kizazi chake. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Kijipengo kwenye meno kimewekwa mahali tofauti kwa makusudi ili usiweze kukosea. RAM isipoingia, usiilazimishe: si ya ubao huo.

Betri ya ubao mama ni sarafu ya volti 3, aina ya CR2032. Hulinda saa na mipangilio kompyuta inapokuwa imechomolewa. Ikichoka, tarehe hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapoondolewa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama hulinganishwa na tarehe ya kompyuta. Watu hudhani intaneti ndiyo mbovu. Kuithibitisha ni rahisi: rekebisha tarehe, zima, chomoa plagi, subiri, kisha washa tena. Tarehe ikipotea tena, badilisha betri, ukizingatia upande wenye alama ya kujumlisha kama ulivyoukuta.

Ubao mama ushukiwe mwisho. Ni kipuri cha gharama na kigumu kubadilisha, na hakuna jaribio jepesi la kuuhukumu moja kwa moja. Huhukumiwa kwa njia ya kuondoa: pawasaplai ni nzima, RAM ni nzima, monita ni nzima, kitufe ni kizima, na bado haiwaki. Ishara za kuonekana ni kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja, na alama za kuungua.

3.3 Kituo cha tatu: kupakia mfumo endeshi

*Dalili:* maandishi ya kwanza yanaonekana, kisha unatokea ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzia. Au kompyuta inachukua muda mrefu mno kufunguka. Au diski inagonga "tak, tak".

1. Toa flashi na CD zote. Kompyuta inaweza kuwa inajaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahaulika.
2. Ingia kwenye mipangilio ya ubao mama, uone kama diski inatambuliwa.
3. Isipotambuliwa, badilisha kebo ya data ya SATA yenye pini 7, jaribu tundu jingine, na ukague plagi ya umeme ya diski yenye pini 15.
4. Ikitambuliwa lakini haifunguki, washa kompyuta kwa mfumo endeshi ulio kwenye flashi, kwa mfano Ubuntu. Kompyuta ikifanya kazi vizuri kwa njia hiyo, hakuna sababu ya kushuku prosesa, RAM wala ubao mama. Tatizo limebaki kwenye diski au kwenye mfumo endeshi uliomo ndani yake.

Hatua ya nne ina faida nyingine: ukiwa ndani ya mfumo wa flashi unaweza kuifungua diski na kunakili kazi zako kabla hazijapotea.

*Angalizo kubwa:* diski ngumu inayogonga inakaribia kufa. Kama ndani yake kuna kazi isiyo na nakala, zima mara moja. Usiendelee kuiwasha ili kuona kama itapona, na usiweke mfumo endeshi upya juu yake. Kila dakika inayozunguka inaweza kuharibu sehemu nyingine ya data. Kinachotangulia ni kunakili, kubadilisha kunafuata. Kumbuka pia kwamba diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo haigongi. Inaweza kufa kimyakimya.

*Kubadilisha diski:* chomoa kebo mbili, fungua skrubu, weka mpya. Diski ngumu ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni ya inchi 3.5, ya kompyuta mpakato na SSD nyingi za SATA ni inchi 2.5, lakini plagi zake ni zilezile. Kisha weka mfumo endeshi na urudishe nakala rudufu.

3.4 Kituo cha nne: kukwama au kujizima kazini

*Dalili:* kompyuta inafanya kazi, kisha inajizima au inaganda.

Hapa watuhumiwa ni watatu, nao hutofautishwa kwa *wakati* tatizo linapotokea.

*Joto:* hujizima baada ya muda, hasa ikifanya kazi nzito. Ukiiwasha papo hapo, hujizima mapema zaidi kwa kuwa haijapoa. Thibitisha kwa kusoma nyuzi joto za prosesa kwenye mipangilio ya ubao mama. Tiba ya kwanza ni kuondoa vumbi kwa brashi laini au kipulizo, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Feni isiyozunguka ibadilishwe. Ukitoa kipozeo cha prosesa, futa krimu ya joto ya zamani kwa spiriti na kitambaa, kisha weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Krimu hujaza mianya midogo ya hewa kati ya prosesa na kipozeo, kwa kuwa hewa hupitisha joto vibaya.

*RAM:* hitilafu huja bila mpangilio, na programu tofauti hufunga zenyewe. Thibitisha kwa programu ya kupima RAM. Windows inayo ya kwake, na MemTest86 hutumika pia.

*Pawasaplai:* hujiwasha upya ghafla mzigo unapoongezeka. Thibitisha kwa multimita kama ilivyoelezwa katika 3.1.

Kama uzito unaonekana ndani ya mfumo endeshi mmoja tu na unatoweka ukiwasha kwa flashi, fikiria virusi, programu au diski kabla ya kununua kipuri kingine.

4. Muhtasari

| Dalili | Cha kukagua kwanza | Uthibitisho |
|---|---|---|
| Hakuna taa wala feni | Soketi, kebo, fyuzi | Kebo nzima, kisha pawasaplai nzima |
| Feni inazunguka, kioo cheusi | Monita na kebo yake | RAM moja moja kwa kila nafasi |
| Tarehe inapotea | Betri ya CR2032 | Rekebisha, chomoa, washa tena |
| Hakuna diski ya kuanzia | Flashi iliyosahaulika, kebo ya SATA | Kuwasha kwa mfumo wa flashi |
| Inajizima baada ya muda | Vumbi na feni | Kusoma nyuzi joto |
| Inajiwasha upya kazini | Pawasaplai | Volti ndani ya asilimia 5 |

5. Swali lililojibiwa

*Mwenye duka la steshenari ana kompyuta moja anayochapia kazi za wateja. Jana kulikuwa na radi na umeme ulikatika mara mbili. Leo akibonyeza kitufe hakuna taa wala feni, ingawa taa ya machungwa ya monita inawaka. Jirani amemshauri anunue ubao mama.*

*(a) Kwa nini ushauri huo haufai? (alama 2)*
*(b) Eleza hatua nne za uchunguzi, ukitoa sababu ya kila moja. (alama 8)*
*(c) Taja njia mbili za kuzuia tatizo lisirudi. (alama 2)*

Jibu

(a) Ushauri unatokana na dalili bila uthibitisho. Dalili hiyohiyo inaweza kuletwa na kebo, fyuzi au pawasaplai, ambavyo ni rahisi na nafuu kukagua.

(b) (i) Nitachomeka kebo ya monita kwenye kompyuta, plagi yake ikibaki palepale. Sababu: taa ya monita imethibitisha kwamba soketi, fyuzi na kebo hiyo ni nzima, kompyuta ikiwaka, ubovu uko kwenye kebo, fyuzi au soketi yake ya awali. (ii) Nitakagua swichi ya nyuma ya pawasaplai na ile ya 115/230. Sababu: zikiwa mahali pasipo sahihi kompyuta haitawaka au itaungua. (iii) Nitachomoa plagi, nifungue kasha na kubana upya plagi ya pini 24 na ile ya prosesa. Sababu: plagi iliyolegea hutoa dalili ya kifo. (iv) Nitafunga pawasaplai nyingine inayojulikana kuwa nzima. Sababu: ikiwaka, pawasaplai ya kwanza imethibitika kufa, isipowaka, nitapima kitufe, na mwisho nitashuku ubao mama.

(c) Kuchomoa plagi wakati wa radi. Kutumia UPS au stabilaiza ili kuikinga kompyuta na mabadiliko ya ghafla ya umeme.

6. Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika "nitabadilisha" kabla ya "nitathibitisha".
- Kutoa hatua bila sababu. "Nitatoa RAM" ni nusu jibu. "Nitatoa RAM na kuijaribu kwenye nafasi nyingine ili kujua kama ubovu ni wa RAM au wa nafasi" ni jibu kamili.
- Kusahau kuchomoa plagi. Hatua zote zinaweza kuwa sahihi, lakini anayefungua kasha lenye umeme hajafaulu.
- Kuanza na ubao mama kwa kuwa ndio kipuri kikubwa. Ukubwa wa kipuri hauhusiani na uwezekano wake wa kufa.
- Kusahau nakala rudufu swali linapohusu diski.

7. Zoezi la kujipima

1. Tofautisha dalili na chanzo cha tatizo, ukitoa mfano mmoja.
2. Waya mwekundu wa pawasaplai unasoma volti 4.6. Kwa kutumia hesabu, eleza kama pawasaplai hiyo inafaa.
3. RAM A inafaulu kwenye nafasi 1 na nafasi 2. RAM B inashindwa kwenye nafasi zote mbili. Kipuri gani kibadilishwe?
4. Kompyuta inasema mwaka ni 2009 kila asubuhi. Taja kipuri kinachoshukiwa na namna ya kukithibitisha.
5. Diski yenye matokeo ya wanafunzi imeanza kugonga, na hakuna nakala. Taja jambo la kwanza la kufanya na jambo moja la kuepuka.

Majibu mafupi

1. Dalili huonekana, husikika au hunuswa, chanzo huisababisha. Mfano: kompyuta kujizima ni dalili, feni iliyokufa ni chanzo.
2. 5% ya 5 ni 0.25, kiwango ni volti 4.75 hadi 5.25. Volti 4.6 iko chini, hivyo haifai.
3. RAM B.
4. Betri ya CR2032. Rekebisha tarehe, zima, chomoa plagi, subiri, washa. Tarehe ikipotea tena, betri imekwisha.
5. Zima mara moja na uandae mahali pa kunakilia data. Epuka kuweka mfumo endeshi upya kwenye diski hiyo.